Ülker, jina la jirani yangu

Konya, Jumamosi usiku, mwezi wa Novemba.

Leo nimetahayari kwa kosa langu mwenyewe. Jirani wa ghorofa ya chini, mama wa makamo aliyenizoesha chai ya jioni tangu nilipokuja kusoma hapa, anaitwa Ülker, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikidhani kwamba wazazi wake walimpa jina la biskuti. Sijilaumu sana, maana neno hilo limeandikwa kwenye pakiti katika kila duka la mtaa huu, na kampuni yenyewe ilianzishwa Istanbul mwaka 1944. Nilipomwuliza, alicheka hata gilasi ikatikisika juu ya kisahani chake, kisha akanishika mkono tukatoka barazani, akanyoosha kidole juu. Kilikuwa kilimia.

Ni nyota zile zile ambazo bibi yangu, kule Pemba, alikuwa akizitazama kabla ya kushika jembe, ila kwetu zikipanda juu kabisa tunazitafuta upande wa kaskazini, na huku ilinibidi nielekee kusini na kukunja shingo.

Jina hili ni la Kituruki chenyewe, tena la zamani: Mahmud al-Kashgari, aliyeandika kamusi yake huko Baghdad kati ya mwaka 1072 na 1074, analifasiri kwa Kiarabu kuwa ni Thurayya, yaani kilimia. Wauzbeki humwita binti Hulkar kwa maana hiyo hiyo. Nilichokipenda zaidi ni kwamba Waturuki wana majina matatu ya kike kwa fungu moja la nyota: Ülker lililo lao, Süreyya lililotoka kwa Waarabu, na Pervin lililotoka kwa Waajemi, nami hilo lililo lao nimelikuta kwa mtu mmoja tu. Süreyya, bila shaka, ndiye Thuraya wetu wa Unguja na Pemba, jina lenye asili moja na neno la Kiarabu la utajiri, na ndiyo thurea, ile taa ya vigae inayoning'inia msikitini.

Teyze (ndivyo ninavyomwita, yaani dada wa mama) alinieleza kwamba baba yake, mfugaji wa kondoo, aliugawa mwaka mara mbili kama wazee wake: siku 186 za Hızır kuanzia tarehe 6 Mei, mifugo inapopandishwa milimani, na siku 179 za Kasım kuanzia tarehe 8 Novemba, inapokuwa imeshateremshwa. Mwezi wa Mei Ülker hufichwa na mwanga wa jua. Novemba huonekana usiku kucha. Hapo nikamsomea maneno ya bibi, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, nikayafasiri kwa Kituruki changu cha kuungaunga.

Lakini sikio lake lilikuwa limenasa neno moja tu. Aliingia ndani, akalitazama zulia lililotandikwa sebuleni, ambalo kwa lugha yake ni kilim, akaniuliza kwa upole kwa nini sisi tumeziita nyota zulia.