Daftari la dagaa, wiki ya tatu: nimeifuta React

Wiki mbili za kukesha na React, zana ya JavaScript inayojenga ukurasa ndani ya simu yenyewe, zimekwenda na maji.

Kwa anayeanza kusoma leo: namtengenezea mama mdogo daftari la madeni la kwenye simu. Anauza dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na huwakopesha wachuuzi kwa ndoo. Jumamosi nilimpelekea simu ajaribu. Ukurasa mweupe, duara linazunguka, na mtandao wa mwaloni mnaujua. Alisubiri kidogo, akafungua daftari lake la kaunta, akanisomea deni la mtu, kisha akanitazama. "Mwanangu, hili langu halizunguki."

Basi nimehamia Thymeleaf: seva inapika ukurasa mzima, simu inapokea HTML iliyoiva. Nyuma yake ni Spring Boot 3, kiunzi cha kuandikia programu za seva kwa Java, na hifadhidata ya PostgreSQL. Quarkus, mshindani wa Spring, niliitamani, maana inawaka upesi na haili RAM sana, na mashine yangu ina GB 4 tu. Ila kila nikikwama, majibu ninayoyapata ni ya Spring. Ukijifunza peke yako usiku, unakwenda penye watu.

Jumapili nilinakili msimbo wa mradi wangu wa zamani, skrini ikawa nyekundu: `package javax.persistence does not exist`. Java EE, yaani vifurushi vya Java vya kazi za seva vilivyoanza na jina javax, ilipotoka Oracle kwenda Eclipse Foundation, jina hilo halikuhama nayo. Siku hizi ni jakarta, na Spring Boot 3, iliyotoka 2022, haitaki la zamani. Nikabadili yote kwa mkupuo, nikaharibu na javax.sql, ambayo ni ya Java yenyewe na haikuguswa. Saa nzima hiyo.

Halafu orodha ya wadaiwa ikawa inajikokota. Nikawasha `spring.jpa.show-sql` nione Hibernate, inayoongea na hifadhidata kwa niaba yangu, inafanya nini. Wachuuzi 40, maswali 41! Moja la kuleta majina, kisha inarudi kwenye hifadhidata kumuulizia kila mmoja madeni yake, kama mtoto anayetumwa dukani mara arobaini kwa kiberiti kimoja kimoja. LEFT JOIN FETCH, amri ya kuleta wachuuzi na madeni yao kwa pamoja, imeyafanya kuwa swali moja. Msisahau hiyo LEFT. Bila yake, asiye na deni anapotea kwenye orodha.

Wiki ijayo ni mbalamwezi, wavuvi wa dagaa watapumzika, na mama mdogo atakuwa na nafasi. Nitampelekea simu tena. Daftari la kaunta ameshasema haachi.