Njia Nyeupe za Mthatha

Basi lilituharibikia usiku wa manane karibu na Kokstad. Dereva alisema dakika kumi, tukakaa hadi alfajiri. Baridi ya pale haina adabu hata Novemba, nami mtoto wa Tanga nilikuwa na kanga mbili tu. Wenzangu walishajikunja ndani ya mablanketi. Wanaijua njia yao.

Nilikuwa nafuata mzizi. Bibi yangu akiwa na jambo zito, posa au shamba, alisali istikhara akalala akingoja kuoteshwa. Kwa hiyo niliposikia kwamba Waxhosa wa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, wana mmea wa kufungulia ndoto, sikushangaa. Nilitaka tu kuona wanavyoutumia.

Kutoka Mthatha nilipanda daladala, wenyewe wanaita teksi, hadi kijijini kwenye nyumba za msonge zilizopakwa rangi ya kijani cha bahari. Kijana wa pale alinitafsiria, ingawa mengine niliyadaka mwenyewe: amanzi ni maji, inyama ni nyama. Nilikwama kwenye igqirha, yaani mganga aliyeitwa na wahenga wake. Katikati ya neno lazima upige kidoko, na kila nilipojaribu watoto walivunjika mbavu.

Mganga mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, shanga nyeupe kichwani na mikononi. Nilimwita Makhulu, kama wote walivyomwita, yaani bibi. Alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mmea, na kusema kweli nilivunjika moyo: kigugu cha majani membamba, maua yamejikunja kama yana usingizi. “Rudi jioni,” akasema. Nilirudi giza likiingia, nikayakuta yamefunguka, meupe, yananukia. Wataalamu wa mimea wanauita Silene undulata. Makhulu anauita undlela ziimhlophe, njia nyeupe, kwa kuwa wahenga hupitia humo.

Asubuhi, kabla mtu hajatia kitu tumboni, alisaga kipande cha mzizi juu ya jiwe, akautia kwenye maji, akachukua kijiti chenye panda na kuanza kupekecha kati ya viganja, kama mtu anayetafuta moto. Mwanzo maji yalichafuka tu. Kisha povu likaanza kupanda, jeupe, zito, likafura hadi likavuka ukingo wa beseni na kumwagika. Hakuna muujiza hapo: mzizi una saponini, kitu kilekile kinachofanya mimea mingine ifue nguo. Dawa za povu za namna hii huitwa ubulawu, na si mmea huu peke yake unaoingia humo. Mwanafunzi wake, binti wa miaka 20 hivi, alipiga magoti, akasema “Camagu,” neno la kuwaheshimu wahenga, akala lile povu hadi akashiba.

Niliomba kuonja. Makhulu alicheka hadi shanga zikalia.

“Umeitwa?”

“Hapana.”

“Sasa utaota ya nani?”

Mzizi huohuo nimeuona ukiuzwa mtandaoni, umesagwa, kwenye pakiti zenye ahadi ya ndoto za kusisimua. Pale kijijini sikumwona yeyote anayetafuta msisimko. Povu huliwa asubuhi, ndoto huja usiku, na kesho yake binti hukaa mkekani mbele ya mwalimu wake akahojiwa: ng'ombe uliyemwona alikuwa wa rangi gani? Alielekea wapi? Maji yalikuwa yanatiririka au yametuama? Akisema “sikumbuki” anaulizwa upya. Kazi ngumu ya povu nadhani ni hiyo, wala haiingii kwenye pakiti.

Nililala pale usiku wa pili, tumboni nina chai na mkate tu. Asubuhi Makhulu akanigeukia na mimi: “Umeota nini?”

Nikamwambia nimemwota bibi yangu, marehemu, anakaanga vitumbua barazani.

“Kikaango kilikuwa na mafuta?”

Sikujua.

“Amekupa?”

Nilifikiri sana. Nilikumbuka harufu ya iliki na moshi, na mgongo wake. Mkono wake sikuukumbuka.

Makhulu akatikisa kichwa, kama mwalimu aliyeletewa daftari tupu, akarudi kwa mwanafunzi wake. Teksi yangu ilikuwa inapiga honi barabarani.