Ile sauti ya Jumatano

Bado nimekwama kwenye ile sauti ya WhatsApp ya Baba Nasra, mume wangu dereva wa lori. Wasomaji wangu mmeniuliza kama tupo salama baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025. Tupo, watoto wazima, cherehani zote mbili zipo palepale. Watu waliuawa, Dar tulifungiwa ndani kuanzia saa 12 jioni, matokeo yakatangazwa kwa karibu asilimia 98, Rais akaapishwa Dodoma, na mimi nikilala nauona ule mshale wa kupakua na duara lake likizunguka bila kufika.

Mnajua tulivyoagana Jumanne usiku. Yeye yupo kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mimi nimetoka kukata sare za harusi ambayo baadaye ikaahirishwa. Akauliza, "Kesho unaenda?" Nikasema naenda.

"Kumchagua nani, Mama Nasra? Lissu wa Chadema yuko ndani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, chama chake hakimo kwenye karatasi, Mpina wa ACT-Wazalendo jina limekatwa. Unaenda kuchagua au kuitikia?"

Nikamwambia mama yangu alipanga foleni mara mbili mwaka 1995, Oktoba, halafu Novemba kura za Dar zilipofutwa na kurudiwa, na mdogo wangu mgongoni. Kadi yangu haitalala kabatini.

"Haya," akasema. Tukakata.

Asubuhi ya tarehe 29 akanitumia sauti ya dakika mbili na ushee. Niliiona nikiwa kwenye mstari pale shule ya msingi, nikaiweka mpaka nyumbani, maana maneno ya mume wangu sifungulii katikati ya watu. Nafika nyumbani, intaneti imezimwa nchi nzima. Nabonyeza, duara linazunguka.

Ijumaa alipiga kwa laini ya Zambia.

"Mko ndani?"

"Tuko ndani. Ile sauti ya Jumatano ulikuwa unasema nini?"

"Ipi?"

"Ya asubuhi."

Akanyamaza. Nilisikia injini za malori na mtu akiita "sogea, sogea". Kisha, "Aah, ile. Achana nayo. Ilikuwa ya siku ile." Simu ikakatika.

Intaneti iliporudi Jumatatu, wakati polisi wanatuma ujumbe wa kuonya watu wasisambaze picha za ghasia, mimi nilikimbilia kwake kabla ya mteja yeyote. Nikakuta maandishi: ujumbe huu ulifutwa. Huko aliko intaneti ilikuwepo muda wote. Aliisikiliza tena, akaamua, akafuta, na mimi huku sina hata namna ya kumwambia subiri.

Ilikuwa ya siku ile. Nimeyageuza maneno hayo nikiwa napiga pasi, nikiwa natia uzi, nikiwa nasubiri maji yajae kwenye ndoo. Kama ni kunigombeza, mbona dakika mbili, wakati yeye akikasirika husema neno moja na kunyamaza? Kama ni kukubali nilichosema, kwa nini afute? Au madereva walishapashana habari huko, akawa ananiomba nisitoke, halafu alipoona nimeshatoka na nimerudi mzima akaona hakuna haja? Lakini basi angesema, "Nilikuwa nakwambia usitoke." Ni maneno mepesi hayo. Angeyasema tu.

Mwaka 2020, siku za uchaguzi, WhatsApp iliposumbua tulipita kwa VPN, zile programu za kuzunguka kizuizi cha mtandao. Mwaka 2023 tukaambiwa VPN zisajiliwe. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Safari hii hapakuwa na uchochoro wowote wa kupita, VPN ilikuwa haina kazi kwa sababu intaneti yenyewe haikuwepo. Anayetoa amri ya namna hiyo huwaza picha na maandamano. Mimi nawaza dada wa nyumba ya nyuma ambaye mwanawe alitoka Jumatano, na hakuwa na kundi hata moja la kuulizia, akabaki anatembea hospitali hadi hospitali kabla ya saa 12. Kwangu ni maneno ya mume na mke, kwake ni mtoto. Nataka iandikwe kwenye sheria, wazi kabisa, kwamba hakuna ofisi inayoweza kuzima intaneti ya nchi bila mahakama kuridhia, na bila kutaja siku na saa ya kuirudisha. Nalisema hili nikijua wapo wasomaji wangu wanaoamini kuzima kulituokoa. Tuliokolewa na nini, ikiwa watu walikufa vilevile?

Jana ndipo Nasra akachaji kile kitochi cha laini ya zamani, anataka kucheza ule mchezo wa nyoka. Akaniletea mbio. Meseji za kawaida, za Alhamisi, kutoka namba ya Zambia.

"Umeingia ndani?"

"Jibu hata herufi moja."

"Mama Nasra."

Na ya mwisho, saa 8 usiku: "Mama yako mwaka ule alipanga foleni wapi?"

Nilikaa chini sakafuni kati ya vipande vya kitambaa nikacheka, machozi yananitoka. Mtu yuko mpakani, usiku wa manane, hajui kama tunapumua, anauliza foleni ya mama. Nimemjibu: Magomeni. Hajaisoma bado, huenda yuko barabarani. Nilivyomwandikia nimeongeza na mengine ambayo hapa siyaweki.

Hapo nikawa nimetulia, mpaka wifi alipopiga kutoka Morogoro. Mama mkwe ana kidonda kwenye kidole cha mguu, na yeye ni mtu wa sukari. Anamwambia kila anayemuuliza kwamba ni kiatu kimembana. Wifi anasema kimeanza kutoa harufu na hospitali hataki kusikia. Baba Nasra sijamwambia, yuko usukani. Kesho napanda basi la alfajiri, sare za watu zitasubiri.