Siku rangi nyeupe ilipoangukia 30

Ramani tuliyoletewa tukague ilionyesha tofauti kati ya mvua ya mwezi mmoja na wastani wa miaka mingi, kwa milimita. Ilikuwa imechorwa kwa Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, kwa mpangilio wa rangi uitwao RdBu: nyekundu kwa upungufu, buluu kwa ziada, katikati nyeupe. Ilipendeza macho. Ila kona ya juu palikuwa na seli (miraba midogo ya ramani) za waridi hafifu, ilhali jedwali la data lilisema hapo mvua ilizidi wastani kwa milimita 20.

Kasoro ilikuwa kwenye mipaka ya rangi, kwani hakuna aliyeiandika. Usipoipa imshow, amri inayochora ramani, vmin na vmax (mpaka wa chini na wa juu), huchukua thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa, kisha nyeupe huketi katikati ya hizo mbili. Data ilianzia -30 hadi 90, kwa hiyo nyeupe ikaangukia 30. Kila kilichokuwa chini ya hapo kikavikwa rangi ya ukame. Programu haikulalamika hata kidogo, na ndiyo maana kosa hili huwapita wengi.

Mabishano yakaja kwenye tiba. Mmoja wetu alitaka TwoSlopeNorm, mojawapo ya njia za Matplotlib za kugeuza thamani kuwa rangi, yenye vmin=-30, vcenter=0, vmax=90. Sifuri inakuwa nyeupe, sawa, lakini kila upande unanyooshwa peke yake: upungufu wa 30 unakolea nyekundu sawasawa na ziada ya 90 inavyokolea buluu. Msomaji ataona ukame mkali usiokuwepo. Tukachagua njia nyingine, CenteredNorm, ambayo bila kuelekezwa huweka sifuri katikati na mipaka inayolingana, hapa -90 hadi 90. Upande wa upungufu ulififia, na ulistahili kufifia. TwoSlopeNorm ina mahali pake, kwa mfano kina cha bahari na urefu wa milima kwenye ramani moja, ambako pande hizo mbili hazilinganishwi.

CenteredNorm nayo ina mtego. Seli moja yenye 400, pengine kwa kipimo kibovu, ingeipausha ramani nzima. Kwa hiyo halfrange, yaani umbali kutoka sifuri hadi mpaka, tuliiandika wenyewe, kwa asilimia ya 98 ya thamani kamili za data, yaani bila alama ya kutoa (np.nanpercentile juu ya np.abs), na kwenye kolabaa, ule mstari wa rangi kando ya ramani, tukaweka extend='both' ili ncha zionyeshe kwamba kuna zilizopita mpaka.

Kulikuwa na pendekezo la rangi za RdYlGn pia, nyekundu, njano na kijani. Likakataliwa papo hapo: wasiotofautisha nyekundu na kijani wangepotea, na njano ya katikati inang'aa mno kwa thamani inayopaswa kutulia. Tukahamia BrBG, kahawia kwa ukame na kijani-buluu kwa mvua.

Kilichobaki ni seli zisizo na data. imshow huziacha wazi, karatasi nyeupe ikaonekana chini yake, na BrBG nayo karibu na sifuri ni nyeupe vilevile. Palipokosa kipimo pakasomeka kama mvua ya kawaida. Tukachukua nakala ya mpangilio wa rangi kwa copy, tukaipa kijivu cha '0.6' kwa set_bad, amri ya kuchagua rangi ya palipokosa data, na kisanduku cha kijivu kikaongezwa kwenye ufunguo wa ramani.