Mfupa kwa Zeus, mnofu kwa watu: Vernant na kisa cha Prometheus

Wengi tunakijua kisa cha Prometheus, wa hadithi za Ugiriki ya kale, kuanzia kwenye moto: aliuiba, akafungwa kwenye mwamba, tai akawa anamla ini. Jean-Pierre Vernant, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, alianzia nyuma zaidi, kwenye nyama. Katika Theogonia, shairi la Hesiod la karibu mwaka 700 kabla ya Kristo, moto unaibwa kwa sababu Zeus, mfalme wa miungu, aliwanyima watu, na aliwanyima kwa sababu ya mgawo wa ng'ombe mmoja kati ya miungu na watu, mahali paitwapo Mekone. Ukiuruka mgawo huo unabaki na hadithi ya mwizi jasiri, basi.

Mgawo wenyewe ulikuwa hivi. Prometheus alitenga mafungu mawili. La kwanza lilikuwa minofu na matumbo yenye mafuta, vikawekwa ndani ya ngozi na kufunikwa kwa tumbo la ng'ombe, ambalo kwa sura tu linaondoa hamu. La pili lilikuwa mifupa mitupu, imepangwa kwa ustadi na kufunikwa mafuta meupe yanayong'aa. Hesiod anasema Zeus aliitambua hila, na bado akachukua mifupa. Ndiyo maana, anaongeza, watu huwachomea miungu mifupa myeupe juu ya madhabahu.

Vernant (1914–2007) alikuwa Mfaransa, mwanafunzi wa Louis Gernet, ambaye naye alitoka katika shule ya mwanasosiolojia Durkheim. Mwaka 1964 alianzisha Paris kituo ambako wataalamu wa Ugiriki walikaa meza moja na wa India, China na Afrika, na kuanzia 1975 hadi 1984 alifundisha Collège de France. Alichotaka kujua ni hiki: anayekula nyama ile anajiweka wapi kati ya mnyama na mungu?

Kisa anakisoma kwa ngazi tatu, na ni vizuri kuzifuata kwa mpangilio huo. Kwanza vitendo: nani anatoa, nani anaficha, nani anapokea, nani anakataa. Prometheus anaficha nyama. Zeus anaficha moto. Prometheus anauficha moto ndani ya bua lenye uwazi. Zeus anatoa zawadi, Pandora, mwanamke wa kwanza, na zawadi ile ni mtego. Hapo unaona kwamba nyama, moto na mwanamke ni hatua za mchezo mmoja.

Pili maneno. Neno la Kigiriki *gaster* ni tumbo la ng'ombe lililofunika nyama, na ni tumbo la mtu lenye njaa isiyoisha. Pandora anatengenezwa kwa udongo na maji, uzuri nje, akili ya mbwa ndani. Mlinganishe na mafungu yale mawili: ni kama mifupa iliyovishwa mafuta. Halafu kuna mtungi wake, ule aliofungua maovu yakatoka. Ni *pithos*, mtungi mkubwa wa kuhifadhia chakula. "Sanduku la Pandora" ni la karne ya 16, kutoka kwa msomi Erasmus. Ukisoma sanduku unapoteza harufu ya ghala, na ghala ndilo jambo lenyewe, kwa sababu katika Kazi na Siku, shairi lake lingine, Hesiod anasema miungu imewaficha watu riziki yao. Nafaka haioti yenyewe tena. Lazima ifukiwe ardhini, kama moto unavyofukiwa majivuni usizime.

Tatu maisha: kuchinja, kulima, kuoa. Mnyama hula kibichi, mungu hahitaji kula, mtu hula kilichopikwa. Miungu walipata moshi na mifupa isiyooza. Watu walipata nyama, yaani kitu kinachooza, kwa sababu wao wenyewe wanaoza. Aliyepunjwa Mekone, kwa Vernant, ni mtu.

Usomaji huu unasimama kwa sababu unalingana na kazi halisi ya kuchinja, ambayo Vernant, Marcel Detienne na wenzao waliichambua katika kitabu cha pamoja cha mwaka 1979. Kisu kinakuja kimefichwa kapuni chini ya punje za shayiri. Watu wananawa mikono, shayiri inarushwa, nywele chache za kichwani mwa mnyama zinakatwa na kutupwa motoni. Koo linakatwa, wanawake wanapiga kelele kali ya ibada (Kiswahili kina neno karibu kabisa, vigelegele), damu inafika madhabahuni. Moyo, mapafu, maini, figo na bandama huchomwa kwenye vijiti kama mishikaki na kuliwa papo hapo na walio karibu zaidi na ibada. Mifupa ya mapaja inafungwa kwa mafuta na kuteketezwa. Nyama iliyobaki inachemshwa na kugawiwa, mara nyingi kwa mafungu sawa. Mkia nao unawekwa motoni, na ukijikunja kwenda juu ni ishara njema. Watafiti waliojaribu kuchoma mikia wameona unajikunja kweli.

Neno "kafara" silipendi hapa. Linaingiza dhambi na fidia, na "sadaka" inaleta maskini. *Thusia*, neno la Wagiriki wenyewe kwa ibada hii, ni uchinjaji unaoishia mezani.

Udhaifu upo. Hesiod ni mtu wa Boeotia, eneo jingine la Ugiriki, na Vernant anamtumia kueleza Athens ya karne mbili tatu baadaye. Usichanganye pia na Prometheus wa jukwaani, wa tamthilia inayohusishwa na Aeschylus, yule mwasi mfadhili wa watu. Hapo mgawo wa nyama unatoweka na usomaji wote unaanguka. Lingine ni hoja kwamba mnyama alinyunyiziwa maji ili atikise kichwa, kana kwamba amekubali kuchinjwa. Mwanahistoria Fred Naiden aliipinga mwaka 2007, na ushahidi uko upande wake: huko Klaros, mbele ya madhabahu ya Apollo, kuna safu za mawe yenye pete za kufungia wanyama. Anayekubali hafungwi.

Mvutano mkubwa ulikuwa na Walter Burkert, mtaalamu mwingine wa dini ya Ugiriki, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1972 aliona kiini cha ibada ni hofu na hatia ya kuua, urithi wa wawindaji. Mfano unaogombewa ni Bouphonia, ibada ya kuchinja ng'ombe huko Athens. Ng'ombe anaachiwa ale nafaka za madhabahuni, anauawa, muuaji anakimbia, na mwishowe kesi inakiangukia kisu, kinatupwa baharini. Burkert anaona hatia tupu. Jean-Louis Durand, wa upande wa Vernant, anamtazama ng'ombe ni wa namna gani: ni wa kulimia, mwenzake mkulima, na amekula nafaka isiyo yake. Nyama ikishaliwa, ngozi inajazwa majani makavu, inashonwa, inasimamishwa na kufungwa kwenye jembe.