Kumbukumbu ya mradi wangu: athari ya Mpemba ndani ya friza ya nyumbani

Vifaa vyangu sasa vinarekodi vyenyewe usiku kucha, kwa hiyo nimeona niandike mradi umefikia wapi kabla sijaanza awamu ya kufunika vikombe. Swali ninalolifuatilia, je, maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi, ni lile la Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto kwa kuhofia kukosa nafasi, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne aliporudi chuoni alilipeleka swali hilo maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Kinachonivutia ni kwamba hesabu ya kawaida inalikataa jambo hili waziwazi. Gramu 1 ya maji hupoteza takriban jouli (kipimo cha nishati) 4.2 kwa kila nyuzi moja inayoshuka, na ikifika sifuri hulazimika kupoteza jouli 334 nyingine ili igeuke barafu, maana yake ni kwamba kuyapoza maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri kunagharimu karibu sawa na kuyagandisha. Kwa gramu 100, kikombe cha nyuzi 80 kinadaiwa kilojouli 67 hivi, ilhali cha nyuzi 20 kinadaiwa 42. Pengo ni kilojouli 25, na maji ya moto hayana budi kulilipa kwa njia fulani.

Njia ya kwanza inayotajwa na wengi ni mvuke. Kila gramu inayoondoka kama mvuke huchukua zaidi ya kilojouli 2, hivyo gramu kama 10 zingetosha kuliziba pengo lote. Mizani yangu ya jikoni haikubaliani na hilo: kikombe cha moto kikitolewa hukutwa kimepungua gramu 3 hadi 5 tu. Mvuke unasaidia, ila haufiki hata nusu ya deni. Osborne naye aliona kwamba maji yaliyopotea kwa mvuke ni machache mno kueleza tofauti yote, ingawa utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa, jambo lililomwonyesha kwamba joto jingi huondoka kupitia juu.

Vikombe vyangu ni viwili vya bati, vya duka moja na uzito mmoja, navyo vinakaa juu ya kipande cha ule ubao mwepesi mweupe unaofungashiwa televisheni. Ubao huo una kazi yake: kikombe cha moto kikiwekwa moja kwa moja juu ya utando wa barafu wa friza, huuyeyusha na kugusana vizuri na chuma cha chini, kikapoa kwa upendeleo ambao mwenzake hakuupata. Maji yote nayachemsha pamoja, kisha nusu nayaacha yapoe, ili hewa na chumvi zilizomo zisiwe kisingizio. Ndani ya kila kikombe kuna vihisi joto viwili vya DS18B20 vilivyofungwa kwenye kijiti cha mshikaki, kimoja karibu na uso wa maji na kingine karibu na kitako, na nyaya zake hupita kwenye mpira wa mlango hadi kwenye bodi ya Arduino, kompyuta ndogo inayorekodi vipimo. Vihisi hivi huruhusiwa kukosea hadi nusu nyuzi, kwa hiyo kwanza navitumbukiza vyote kwenye barafu inayoyeyuka na kuandika kila kimoja kinasoma nini.

Kihisi cha pili kimebadilisha mradi wote. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4, hivyo yakishapoa chini ya hapo yale ya baridi zaidi hukaa juu, na kuna kipindi kirefu ambacho kihisi cha juu kinasoma sifuri wakati cha chini kimeng'ang'ania 4. Anayepima kwa kihisi kimoja anaweza kupata mshindi amtakaye kwa kukisogeza tu. Watafiti Burridge na Linden walilieleza hilo mwaka 2016: tofauti ya sentimita 1 katika kimo cha kipimajoto inatosha kuzalisha athari ambayo haipo. Walipochukua kufika sifuri kuwa ndio kipimo, hawakupata ushahidi wa kuaminika wa athari yenyewe.

Kwa kipimo hicho, kwangu pia maji ya baridi hushinda kila mara. Lakini nikiangalia ni lini barafu inaanza, picha inavurugika. Kikombe cha baridi mara nyingine hupita sifuri kikabaki kimiminika hadi hasi 5 au 6, halafu fuwele ya kwanza ikitokea grafu inaruka ghafla hadi sifuri. Kikichelewa hivyo, cha moto hukikuta na kukipita, na usiku mwingine, kwa vikombe vilevile, hakipiti. Mimi naamini aiskrimu ya Magamba iliganda kama alivyosimulia; nisichoamini ni kwamba kuna sababu moja.

Wanafizikia wa leo wamelihamisha swali hili kutoka kwenye maji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, walionyesha athari hiyo kwa punje ndogo mno ya kioo iliyodhibitiwa kwa leza, ambapo mfumo ulioanza ukiwa moto zaidi ulifikia utulivu, yaani joto sawa na la mazingira yake, haraka zaidi, na 2024 kundi la Innsbruck, Austria, liliona toleo lake la kikwantamu (la fizikia ya chembe ndogo kabisa) katika ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zilizonaswa. Huko masharti yote yanaandikika, na ndiyo maana jibu lao ni safi kuliko langu litakavyowahi kuwa.

Awamu inayofuata ni utando wa mafuta ya alizeti juu ya vikombe vyote viwili. Mvuke ukishazuiwa, nataka kuona kama ile miruko ya hasi 5 itaendelea kuamua mshindi. Pia naongeza kihisi cha tano kitakachosoma hewa ya friza, kwa sababu mota yake huwaka na kuzimika, na sijawahi kurekodi kila kikombe kilikuta friza ikiwa katika hali gani.