Nilivyowaona samaki wa Ziwa Masoko kwa chupa ya maji

Kila niliyemuuliza pale Tukuyu, mkoani Mbeya, jibu lilikuwa lile lile: unataka samaki wa rangi shuka Matema, Ziwa Nyasa, hivi viziwa vya milimani havina kitu. Yaani mtu anakwambia kwa uhakika kabisa na Masoko kwenyewe hajawahi kukanyaga! Inaudhi. Mimi nilikuwa nimetoka hifadhi ya Kitulo kuangalia maua kwenye vinamasi, buti zimeloa mpaka soksi, hela inaishia, ila kurudi Mbeya bila kuwaona nikasema hapana. Nikachukua bodaboda, elfu kumi na kitu kwenda na kurudi.

Masoko ni shimo la volkano lililojaa maji, duara, miti imelizunguka, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Samaki wamefungiwa humo. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha kwamba jamii moja humo inagawanyika kuwa mbili, madume ya ukingoni ni ya njano na ya kina kirefu ni ya bluu, na kwa makadirio mgawanyiko huo hauna hata miaka 1,000. Sasa hapo unaniambia hakuna kitu?

Nilianza na ndoano na minyoo. Masaa matatu! Wanadonoa mnyoo unaisha, ndoano inarudi tupu. Mzee mmoja aliyekuwa anakata matete akaniangalia weee, mwisho akasema, "Mwanangu, hao midomo yao midogo, unawachosha bure."

Kesho yake nikarudi na mtego wa chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, unakata mabegani, unageuza ile shingo itazame ndani, unatoboa matundu kwa msumari wa moto (mama ntilie alinipa jiko lake), unatia jiwe izame. Mkate usijaribu, dakika kumi umeshakuwa uji. Ugali mgumu wa jana ndio dawa, donge kama yai la kuku. Nikalitia humo, nikaulaza mtego pembeni ya matete nikasogea mbali, maana kivuli chako kikigusa maji tu wametawanyika.

Nusu saa, samaki wanne! Dume moja la njano, kwenye pezi la chini karibu na mkia lina vitone vya rangi ya chungwa utadhani mayai. Na jike kidevu kimetuna, mdomoni kabeba watoto. Huyo ukimtoa kwenye maji anaweza kuwatema wote, kwa hiyo chupa sikuinyanyua, nilipiga magoti tope mpaka mapajani nikamtazama humo humo majini.

"Shikamoo mzee, njoo uone." Akainama kimya muda mrefu. "Miaka yote nachota maji hapa, sijawahi kumwona hivi."

Nikaachanisha chupa, wakatoka mmoja mmoja, jike wa mwisho. Mzee akaniomba ile chupa akamwonyeshe mjukuu wake. Nikamwachia, na ugali uliobaki.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.